Ziwa la Sufi na Chubwi Tatu

Mtu akiugua Kilwa Masoko hupelekewa sukari na sabuni. Akifiwa hupelekewa mchele. Lakini Mwanaheri, mke wa Musa mshona nyavu, aliporudi kutoka Dar es Salaam ambako walimkata ziwa la kushoto kwa ajili ya kansa, wanawake wa mtaa walikaa wakafikiri, wakaona sukari haitoshi. Ugonjwa ule ulikuwa wa aina yake, basi na zawadi yake iwe ya aina yake. Wakamletea sidiria.

Ya kwanza ilikuja imefungwa kwenye gazeti kama mihogo ya kukaanga. Nyekundu, ina lesi, na chini yake waya mgumu kama spoku ya baiskeli. Ya pili ilikuwa nyeusi, inang'aa. Ya tatu ilikuwa na maua na kengele ndogo katikati, sijui ya kumwita nani. Mwezi wa pili ulipoisha zilikuwa saba. Alipokuwa na maziwa mawili, Mwanaheri alikuwa na sidiria mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba ya kuanikia. Sasa amebaki na ziwa moja, anazo saba.

Na kila aliyeleta hakuondoka. Alikaa kwenye kiti, akanywa chai, akasema "hebu ijaribu basi tuone." Midomo ilikuwa inasema pole, macho yalikuwa na adabu ya kuku: kichwa kimeelekea kwenye kikombe cha chai, jicho linadonoa upande wa kushoto.

Mwanaheri alizijaribu zote, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna hata moja iliyomfaa. Mshono wake ulianzia katikati ya kifua ukaenda mpaka kwapani, na ngozi ya pale ilikuwa bado changa kama ya mtoto wa siku saba. Waya ukigusa, machozi yanatoka bila kuombwa. Mkono wa kushoto haukuweza kwenda mgongoni kufunga vishikizo. Mikanda myembamba ilimkata bega. Basi akazitia zote kwenye pakacha juu ya kabati, akarudi kwenye fulana kuukuu ya kampeni, iliyokuwa imeahidi maji ya bomba na sasa inafuta jasho.

Nesi wa Dar alikuwa amemwandikia kwenye kikaratasi: *Pamba. Bila waya. Mikanda mipana. Ifungwe mbele. Isibane.* Mwanaheri aliishia darasa la saba, lakini kikaratasi kile alikisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote alichopewa shuleni. Tatizo halikuwa kusoma. Nguo ya namna hiyo hakuwahi kuiona imetundikwa popote Kilwa.

Angeweza kukaa na fulana yake hata mwaka. Lakini kulikuwa na Warda.

Warda alikuwa binti wa wifi yake, Saida, dada mkubwa wa Musa. Alipovunja ungo, miaka minane iliyopita, Mwanaheri ndiye aliyefanywa somo yake, akamweka ndani, akamfundisha usafi na heshima na mambo mengine ambayo hayaandikwi. Na kazi ya somo haiishi hapo. Siku za harusi yeye ndiye humsinga mwali kwa liwa na marashi mpaka ngozi iwe laini kama hariri, kisha humsindikiza kwa mumewe. Mwanaheri alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, Twalib, wa kiume, yuko Mtwara. Warda alikuwa binti yake wa mkekani. Kule hospitali, dawa zilipomnyonyoa nywele na kumtapisha hata maji, alikuwa akiuma shuka na kujisemea: "Nitarudi nimsinge Warda." Wengine huomba waone wajukuu. Yeye aliomba mgongo wa Warda tu.

Harusi ikapangwa Mfungo Pili. Zilipobaki siku kumi na mbili, Saida akaja.

Saida alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye wanawake zaidi ya watatu. Alikuwa na kifua kinachoingia mlangoni kabla yake na kuomba kiti.

"Hodi wifi!"

"Karibu, wifi, pita. Kaa."

"Nimekuja kwa heri tu, usinifikirie vibaya."

Mwanaheri akajiweka sawa. Hakuna heri aliyowahi kuisikia ikianza kwa maneno hayo.

"Watu wanasema," Saida akaanza. "Si mimi. Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, wifi, si unawajua. Wanasema singo ni jambo zito, ni kama akika. Mbuzi wa akika haendi mwenye sikio lililokatwa. Haendi chongo. Haendi aliyevunjika pembe. Anatafutwa aliyekamilika. Sasa wanauliza, somo je?"

"Wifi, mimi nakwenda kusinga au nakwenda kuchinjwa?"

"Mie sijasema! Nimesema watu."

"Basi waambie hao watu, siku wakinichinja, maini wasimpe mtu. Wampelekee Musa."

Saida akacheka mpaka kiti kikalia, maana mawifi ni watani na utani haukataliwi. Lakini hakuinuka. Akashusha sauti, ile sauti yake ya mikutano.

"Sikiliza. Mie nakupenda, ndiyo maana sikumwita Bi Tawakali moja kwa moja. Nakupa nafasi. Ukija umekamilika, kifua kimekaa pande zote mbili kama watu, hakuna atakayesema neno. Ukija hivi," akanyoosha kidevu upande wa kushoto, "mabibi wa Pande, kwao bwana harusi, watamwona mwanangu anasingwa na… na nusu. Watasema ametiwa nuksi."

Bi Tawakali alijulikana. Alikuwa akisinga maharusi kama anayeparua magamba ya samaki, na mwali wake wa mwisho aliingia chumbani kwa mume akinuka marashi huku ngozi inavuja damu.

Mwanaheri alikuwa na maneno kumi mdomoni, yote mazuri. Akayameza yote akabakiza moja.

"Nitakuja."

Kesho yake akaenda sokoni kwa Idd.

Idd alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu na watoto wanne, na katika soko zima hakuna aliyejua sidiria kumzidi, mkewe akiwemo. Meza yake ya mitumba ilikuwa chini ya mwavuli mkubwa, karibu na muuza nazi, na sauti yake ilisikika mpaka kituo cha mabasi.

"Chagua, chagua, mama! Belo limefunguliwa leo! Sidiria za Ulaya, zimevaliwa na watu wenye adabu! Usiniambie saizi, mama, jicho langu ndilo kipimo! Tangu belo la kwanza sijakosea! Wewe ni thelathini na…"

Jicho likafika upande wa kulia, likapima. Likavuka kwenda kushoto, likakuta uwanja.

Idd akanyamaza. Muuza nazi aligeuka upesi akidhani jirani yake ameanguka, maana hakuwahi kumsikia amenyamaza mchana.

"…thelathini na sita," Idd akamalizia kwa sauti ya msibani. "Upande mmoja."

"Na upande wa pili andika sifuri," Mwanaheri akasema. "Nionyeshe zisizo na waya."

Mtu akiona haya hukimbilia ukarimu. Idd akaparamia meza, akachomoa sidiria ya zambarau yenye sponji nene kama godoro la mtoto, akaiweka mezani. Ikasimama yenyewe.

"Hii ndiyo yako! Ona! Hata kama hakuna mtu ndani, inasimama!"

"Ninazo saba nyumbani zinazosimama. Nataka inayolala."

"Bila waya, mama? Sidiria bila waya ni nyumba bila nguzo!"

"Idd, wewe umewahi kuivaa?"

"Astaghfirullah!"

"Basi nyamaza niache nichague."

Akachagua. Alifanya alivyofundishwa na nesi: kila moja aliibana kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono, pale palipo laini, akaisugua kidogo. Ikikwaruza pale, kwenye mshono itaua. Akaivuta mpira kuona kama unarudi. Akaigeuza ndani nje kutafuta mishono mikali. Lundo likapinduka likapinduliwa, zikapita za lesi, za mamba, za chui, moja iliyoandikwa maneno mgongoni, na hakuna iliyofaulu mtihani wa kifundo. Wanawake wawili waliokuja kununua waliacha kununua wakabaki kumtazama, na Idd, kwa mara ya kwanza katika biashara yake, alikuwa anasali mteja aondoke.

Mwanaheri akainua macho kupumzisha shingo. Ndipo akaona jinsi mwavuli ulivyofungwa kwenye nguzo. Ulifungwa kwa kitu kipana, cha rangi ya chai ya maziwa.

"Na ile?"

"Ipi?"

"Ile uliyofungia mwavuli."

"Ile kamba tu, mama."

"Hiyo kamba yako ina vikombe, Idd."

Idd akaangalia juu, akakuna ndevu. Ni kweli. Ilikuwa sidiria ya bibi fulani wa huko Ulaya, mtu mzima, mkubwa, aliyejua anachotaka duniani. Pamba tupu. Mikanda mipana vidole vitatu. Vishikizo sita, vyote mbele. Ilitoka kwenye belo miaka miwili nyuma, wateja wakaicheka, hata Idd aliyesifia kila kitu alikosa la kuisifia, akaipa kazi ya kushika mwavuli. Na iliushika. Upepo wa kusi ulipita mara mbili, ukang'oa mabati ya watu, mwavuli wa Idd haukwenda popote.

"Nifungulie," Mwanaheri akasema.

"Mama, watu watanicheka nimekuuzia kamba."

"Usiniuzie basi. Nipe."

Akaifungua. Mwavuli, uliokuwa umezoea kushikwa vizuri, ulianguka papo hapo juu ya nazi za jirani, na Mwanaheri akaondoka akiwaacha wakigombana kuhusu nani wa kulaumiwa. Akafika nyumbani akaifua kwa maji ya moto mara tatu, akaianika kwenye jua kali. Ilipokauka akaivaa. Mkono haukwenda mgongoni, vishikizo vyote vilikuwa pale mbele, anaviona. Akavuta pumzi mpaka mwisho. Hakuna kilichomchoma. Akakaa kitandani akalia kidogo, kwa sababu ya starehe, jambo ambalo hakuwahi kufikiria mtu hulilia.

Lakini kikombe cha kushoto kilikuwa kitupu, kimenywea kama puto la jana. Na Saida alitaka pande mbili.

Akaenda kwa Brigita, fundi cherehani, mwanamke wa Njinjo aliyeolewa Masoko na kushonea kwenye kibaraza cha duka la dawa. Brigita aliigeuza ile sidiria, akaitazama kwa heshima ya fundi kwa kazi ya fundi mwenzake.

"Hii imeshonwa," akasema. "Zile nyingine zimebandikwa. Unataka mfuko kwa ndani?"

"Mfuko, na kitu cha kutia mfukoni. Mbuzi wa Saida akamilike."

Akamsimulia habari ya akika. Brigita akacheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Nyie watu wa pwani mtakufa na mambo yenu! Kwetu Njinjo jembe likivunjika mpini, unatia mpini, unaenda kulima. Hakuna anayeuliza shamba kama limekasirika."

"Kwenu mnalima. Kwetu tunatazamana."

Mfuko ulishonwa kwa kipande cha kanga kuukuu, laini kabisa, na kwa bahati kipande kile kilibeba jina la kanga: *Mwenye macho atazame kwake.* Brigita alitaka kulikata. Mwanaheri akasema liache, likae hapo hapo juu ya kovu. Kisha wakashona kifuko cha duara, wakakijaza sufi safi iliyochambuliwa mbegu, ile ya kutilia mito. Ziwa likatoka zuri, la mviringo, jepesi kama mkate wa kumimina.

Wepesi huo ndio uliomwaibisha. Alitoka kwa Brigita akiwa na maziwa mawili, ameinua kichwa, anaamkiana na watu. Alipofika msikitini la kushoto lilikuwa limepanda kidogo. Alipofika kwenye mashine ya kusaga lilikuwa limefika kwenye mfupa wa bega. Alipokaribia nyumbani lilikuwa linachungulia kwenye kola ya gauni kama jirani mbea dirishani, na wasichana wawili waliokuwa wakichota maji wakaziba midomo kwa ndoo.

Musa alikuwa barazani akishona wavu. Huyu Musa alikuwa mtu mwema, hakunywa, hakupiga, na tangu mkewe arudi alikuwa akimtazama kuanzia shingoni kwenda juu. Akilala alikuwa anageukia ukutani, kama mtu anayesubiri ukuta umpe majibu. Mwanaheri hakumuuliza. Na yeye hakusema. Miezi miwili ilipita nyumba nzima ikizungumza habari za samaki tu.

Siku ile Mwanaheri alifungua vishikizo vyote sita chini ya gauni, akaichomoa sidiria kupitia mkononi, akaitupa juu ya wavu.

"Linaelea!" akasema kwa hasira, machozi yakiwa karibu. "Nimekwenda sokoni, nimekwenda kwa fundi, nimetembea Masoko nzima, na linaelea!"

Mwanamume asiyeweza kutazama kovu anaweza kutazama kitu cha kushona. Musa akaichukua. Akaigeuza. Akabonyeza ziwa la sufi kwa kidole gumba, akaliinua, akaliachia likashuka polepole kama unyoya.

"Bila shaka litaelea," akasema. "Halina chubwi."

Akavuta kopo lake la vipande vya risasi, vile anavyovifunga chini ya wavu ili uzame usibaki juu kama taka. Akafungua mshono, akazungushia kitambaa chubwi moja, akaizika katikati ya sufi, akapima kiganjani. Akatia ya pili. Akasita.

"Lile jingine," akasema bila kuinua macho, "uzito wake kama kiasi gani?"

"Unaniuliza mimi? Miaka ishirini na mbili nani alikuwa mpimaji?"

Musa akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na baada ya hapo asingeweza tena kujifanya yuko mbali. Wakaingia ndani. Huku ameshika lile la sufi, huku akapima la kulia kwa kiganja, makini, kichwa kimeinama, kama mtu anayepima pweza bila mizani na hataki kumpunja mteja. Kisha macho yake yakaenda kushoto, taratibu, yakafika. Akaufuata mshono kuanzia katikati ya kifua mpaka kwapani.

"Wameshona vizuri," mshona nyavu akasema mwishowe. "Ila ningekuwa mimi, macho yangekuwa ya karibu zaidi, kama ya wavu wa dagaa."

"Ungekuwa wewe ungenitia na chelezo, nielee."

Akatia chubwi ya tatu. Maziwa yakawa sawa. Na usiku ule ukuta ulibaki bila mtu wa kuutazama.

Siku ya singo ikafika. Chumba kwa Saida kilijaa wanawake, madirisha yamefungwa pazia, joto kama tanuri. Warda amelazwa kwenye mkeka, kanga kiunoni, amefumba macho, kimya, maana mwali kwenye singo hasemi. Bi Tawakali alikuwa amekaa pembeni na mfuko wake wa liwa mapajani, kama mchezaji wa akiba anayeomba mwenzake avunjike mguu.

Saida alisimama mlangoni akipokea wageni. Mwanaheri alipofika, akamkumbatia. Hakumkumbatia kwa mapenzi. Alikumbatia kwa kifua, kulia akabonyeza, kushoto akabonyeza, kama anayekagua mananasi. Chubwi tatu zikakaa imara.

"Mashallah!" akatangaza ndani. "Somo amefika! Amekamilika!"

Vigelegele vikapigwa. Mabibi wa Pande wakaitikia kwa vichwa. Mwanaheri akapita, akapiga magoti kwenye mkeka, akachota liwa iliyosagwa kwa marashi, akaanza kazi aliyoiomba kwa Mungu huku ameuma shuka.

Sasa kusinga si kupaka. Kusinga ni kuinama, kusukuma, kurudi, kusukuma tena, uzito wote kwenye viganja. Na kila alipoinama, chubwi ziliinama naye, zikaning'inia. Kila alipoinuka, zilirudi zikamgonga kwenye mbavu, juu ya kovu. Sidiria ya bibi wa Ulaya ilifanya kazi yake, haikubana wala haikukwaruza, lakini hakuna sidiria iliyoshonwa kubeba vyombo vya uvuvi. Kisha sufi ikaanza kunywa. Ilikunywa jasho, ikanywa marashi yaliyoruka, ikazidi kuwa nzito. Kwenye bega la pili la Warda, Mwanaheri alikuwa anaona nyota.

"Somo," sauti ikasema chini yake, ndogo sana, ya mwali asiyetakiwa kusema. "Mbona mikono yako inatetemeka?"

Mwanaheri akasimamisha mikono. Ni kweli ilikuwa inatetemeka. Mikono hii ndiyo aliyoirudisha nzima kutoka Dar, na sasa ilikuwa inamharibia Warda singo lake kwa ajili ya mfuko wa sufi. Akilitoa, Tawakali yuko pale na mfuko mapajani. Asipolitoa, amemsinga mwali vibaya kama Tawakali. Tofauti ikawa ipi basi?

Akaingiza mkono kifuani, akalichomoa.

Ziwa lilikuwa linadondosha marashi. Mwanaheri akalinyoosha kwa wifi yake.

"Wifi, nishikie."

Saida alikuwa mtu wa adabu za wageni, mikono yake ilizoea kupokea kabla akili haijauliza. Ikapokea.

"Hili ndilo mlilolialika," Mwanaheri akasema, bila kupaza sauti. "Limekuja. Halina chongo, halijavunjika pembe. Kama ni lenyewe ndilo somo, likalishe hapa mkekani limsinge mwanao. Kama haliwezi, lishike wewe, mimi nimalize kazi."

Bi Tawakali alikuwa ameshainuka na mfuko wake.

"Bi Tawakali, shikamoo," Warda akasema, sasa kwa sauti ya kusikika, macho wazi. "Kaa chini. Sijamaliza kusingwa."

Wanawake wakashika vinywa. Mwali amesema! Katika singo! Saida akabaki katikati ya nuksi mbili, huku somo asiye na ziwa, huku mwali mwenye ulimi, hajui aanze kuogopa ipi.

"Warda!" akafoka. "Mwali hasemi!"

"Nimesema, sasa nimekoma, mama. Mgongo ni wangu." Na akafumba macho tena.

Bibi mmoja wa Pande, aliyekuwa na meno mawili na hakuogopa mtu, akasema, "Saida, lishike vizuri, linatona kwenye jamvi," na chumba kizima kikapasuka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Vigelegele vilivyopigwa baada ya hapo havikuombwa na mtu.

Mwanaheri akainama. Sasa hapakuwa na kinachomgonga. Kifua kilikuwa kimeshikwa vizuri upande mmoja na kimeachiwa upande mwingine, na mikono ikarudi kuwa yake. Alimsinga Warda polepole, kuanzia shingo mpaka unyayo, mpaka binti akalala usingizi palepale. Alipomaliza walimpa asumini za mwali azishike, mikono ikiwa imejaa liwa. Akazitia kwenye mfuko mtupu wa kushoto, zikatosha kabisa.

Muda wote ule, saa nzima na zaidi, Saida alisimama ameshika ziwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto na mwenye mtoto haonekani. Aliogopa kuliweka chini. Aliogopa zaidi kuonekana amelishika.

Siku ya nne baada ya harusi akaja kwa Mwanaheri. Mkononi alikuwa na ziwa, limefungwa kwenye gazeti, na kilo ya sukari.

"Ya kukupa pole," akasema. "Ilichelewa."

"Miezi mitatu si mingi, wifi. Kaa."

Saida akakaa. Akasifu chai kabla haijachemka. Akasifu pazia. Akajivuta hapa, akajivuta pale, akaingiza kidole chini ya mkanda wa bega.

"Hiyo… hiyo kamba ya Idd," akasema. "Anazo nyingine? Maana hizi zangu, wifi, jioni nikivua nina mistari utadhani nimechapwa bakora. Waya mmoja umetoka, unanichoma hapa tangu asubuhi."

"Nitakupeleka. Kwanza vua gauni."

"Ya nini?"

"Mbuzi wa akika si hukaguliwa kwanza?"

Saida akacheka, akavua. Mwanaheri akanawa mikono, akaanza kama nesi alivyomfundisha, ncha za vidole vitatu, duara ndogo ndogo, polepole, la kulia, la kushoto, mpaka kwapani. Katikati ya kazi Saida akaacha kucheka. Akafumba macho. Mwenyekiti wa kila kitu akawa kimya kama mwali mkekani.

"Kuna nini? Wifi? Sema basi."

Mwanaheri aliuchelewesha mkono kidogo zaidi ya alivyofundishwa. Mungu amsamehe.

"Kwa mkono wangu sijaona kitu," akasema. "Jumatatu nitakusindikiza kliniki, wakuone wenye kazi yao."

Saida akashusha pumzi iliyopeperusha pazia alilolisifu. "Kwa hiyo nimekamilika?"

"Umekamilika, wifi. Umezidi mdomo tu. Na huo hata Idd hana saizi yake."